Vyuma Viwili Chini ya Gari la Mnunuzi

Siku yangu ya kwanza kazini niliumwa tumbo. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye karakana ya shirika moja la umma pale Masasi, kitengo cha magari makubwa, na kabla sijavaa ovaroli nilikuwa nimeshakwenda chooni mara tatu. Nayasema haya mapema ili vijana mnaosoma msije mkadhani anayewasimulia alikuwa jasiri. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Marehemu mama alikuwa akisema nilichelewa kutembea kwa sababu nilikuwa nawaza kuanguka.

Meneja wa Karakana aliisoma barua yangu ya ajira mara mbili, akanikabidhi kwa Fomeni. Huyu alikuwa mzee mfupi kutoka Lukuledi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja.

"Chesisi unaijua?" aliniuliza.

"Naijua, Mzee."

"Ni nini?"

Nikageuka kulitazama lori lililokuwa karibu.

"Basi huijui. Njoo."

Akaniingiza chini ya lori na kunionyesha mihimili miwili mirefu ya chuma iliyotoka mbele hadi nyuma, na vyuma vya kukatiza vilivyoiunganisha, ngazi kamili iliyolazwa. Injini, kabini, bodi na mzigo, vyote hukaa juu ya ngazi hiyo. Mhimili ukipasuka, lori limekwisha, hata kama injini ni mpya.

"Usichomelee chesisi ikiwa imebeba uzito," aliniambia. "Ukifanya hivyo unaufungia ubovu humo humo. Kwanza magogo. Umenisikia? Kwanza magogo."

Maana yake ilikuwa hivi. Lori likishapakuliwa mzigo, tunalinyanyua kwa jeki na kulikalisha juu ya magogo ya mninga mpaka matairi yaache ardhi na springi zilegee. Kisha tunavuta uzi kutoka mbele hadi nyuma kuona kama mhimili umenyooka, tunaweka pima maji, ndipo mtu anaruhusiwa kushika mashine ya kuchomelea. Niliifanya kazi hiyo zaidi ya miaka kumi chini ya Fomeni yule, na alipostaafu nikapewa cheo chake. Nilikagua magogo hata usingizini. Mke wangu aliwahi kuniamsha nikiwa napapasa miguu ya kitanda.

Kisha kikaja kipindi cha soko huria. Wakati ule sisi watu wa karakana hatukuelewa maana ya neno hilo, tuliona tu dalili zake. Vipuri viliacha kuletwa. Malori ya shirika yakaanza kuegeshwa moja moja nyuma ya ghala, na nyasi zikaota kwenye matairi. Wakati huohuo barabarani zilitokea gari ndogo za mtumba kutoka Japani, za rangi ambazo hatukuwahi kuziona, na wanunuzi binafsi wa korosho wakawa wanapita vijijini wenyewe. Asubuhi moja Mkuu wa Usafirishaji alituita uwanjani, akasoma majina ya watakaopunguzwa kazini. Aliposoma langu alisita kidogo. Nikadhani amekosea, kumbe alikuwa anameza mate.

Nilihamia Newala kwa sababu dada yangu wa pekee, Mama Hadija, alikuwa ameolewa huko. Shemeji yangu Mfaume, dereva mpole mwenye mikono mikubwa, ndiye aliyenitafutia kazi kwenye gereji ya Mama Zuhura. Mama huyu alikuwa mjane aliyeachiwa gereji na mumewe. Hakushika spana hata siku moja, lakini alijua kushika mafundi.

"Baba Somoe," aliniambia siku niliyoripoti, akiniita kwa jina la mwanangu wa kwanza kama ilivyo adabu, "hapa hatuna Meneja wala Fomeni. Kuna mimi na wewe. Ukiharibu, nitasikia. Afadhali nisikie kwako."

"Nimekuelewa, Mama."

Nilielewa maneno. Uzito wake niliuelewa baadaye.

Nilikuwa sijamaliza miezi mitatu pale lilipoletwa gari jekundu, la chini, lenye injini iliyoongezewa tabo, yaani kile kifaa kinachosukumia injini hewa nyingi ili ivute kwa nguvu. Lilikuwa gari la mbio. Mwenyewe alikuwa mnunuzi wa korosho tuliyemwita Bwana Mnunuzi tu, na alilileta kwetu kwa sababu mashindano yalikuwa yamehamia kwenye biashara. Habari zikifika kwamba Chilangala wameanika korosho nzuri, au Tandahimba kuna mzigo, wa kwanza kufika ndiye anayezungumza na wakulima. Wengine walikwenda na pikapu. Yeye alikwenda na kile chuma chekundu, na dereva wake alikuwa shemeji Mfaume.

Tatizo la gari lile nililiona kwa jaribio dogo, nanyi mnaweza kulifanya hata leo. Pandisha gurudumu moja la mbele juu ya jiwe, kisha jaribu kufungua mlango. Kwenye gari lisilo na kasoro utafunguka. Wa hili ulikwama. Kioo cha mbele kilikuwa na ufa, na chini ya zulia bati la sakafu lilikuwa limeanza kuachana kwenye maungio.

Gari ndogo nyingi hazina ngazi ile ya lori. Bati la bodi lenyewe ndiyo mifupa. Mbele kuna fremu ndogo inayobeba injini, nyuma kuna mihimili mifupi inayobeba miguu ya nyuma, na katikati, wanapokaa watu, kuna sakafu tu na kingo zake. Kwenye lami inatosha. Kwenye mchanga na makorongo ya Newala, gari lenye nguvu namna ile hujinyonga kila likikanyagwa mafuta. Dawa yake ni vyuma viwili, kulia na kushoto, vinavyopita chini ya sakafu na kuunganisha fremu ya mbele na mihimili ya nyuma. Sisi tuliviita viunganishi.

Hapa sasa ndipo penye kuchagua, na hapa ndipo nilipoanza kukosea. Kuna bomba la duara, kuna bomba la mraba, na kuna chaneli, yaani chuma chenye umbo la mfereji. Kuna kufunga kwa bolti na kuna kuchomelea. Bolti zina faida ya kufunguka, lakini matundu yake hupanuka, na baada ya muda chuma hucheza na kulia. Bomba la duara ni zuri kwa kujinyonga, ila ni gumu kulilaza sakafuni na huning'inia chini, likakwangua lile tuta la mchanga linalobaki katikati ya barabara. Bomba la mraba lenye unene wa kiasi, lililokatwa na kuungwa kufuata umbo la sakafu, ndilo lifaalo. Nalijua hilo leo. Siku ile Bwana Mnunuzi alisimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Fundi, mimi nataka gari likaze. Weka chuma cha lori."

"Chuma cha lori ni kinene sana kwa bati hili, bosi," nilisema, lakini nilisema taratibu mno.

"Kinene ndiyo nguvu. Au unaogopa?"

Ndiyo, niliogopa. Niliogopa kuonekana fundi wa serikali aliyechoka. Nyuma ya gereji kulikuwa na chaneli za chesisi ya lori bovu, chuma ninachokijua kama kiganja changu. Nikazikata mbili. Sikujua, au sikutaka kujua, kwamba chuma kigumu kikifungwa kwenye bati laini, bati ndilo litakalolipa. Ncha za kiunganishi zinapaswa kukaa juu ya kiraka kipana cha bati nene, chenye pembe za mviringo, ili nguvu itawanyike. Mimi niliweka viraka vidogo.

Lakini kosa kubwa halikuwa hilo. Kosa kubwa lilikuwa magogo.

Nilinyanyua gari, nikalikalisha juu ya magogo manne chini ya kingo za sakafu, magurudumu yakining'inia, kama nilivyofundishwa. Nikavuta uzi. Nikaweka pima maji. Nilijisikia mtu tena, nawaambieni kweli, kwa mara ya kwanza tangu majina yale yasomwe uwanjani. Nikachomelea upande hadi upande. Kumbe gari lisilo na chesisi ukilikalisha kwa tumbo, pua yenye injini huinama na mkia huinama, na katikati panapanda kidogo. Huoni kwa macho. Lile pindo nililifungia humo kwa chuma cha lori.

Niliposhusha gari likakaa kwa magurudumu, nikafunga mlango wa dereva. Haukushika. Ulimi wa kitasa ulikuwa unagonga chini ya mahali pake, tofauti ya unene wa kucha mbili.

Nilijua papo hapo. Jambo la kufanya lilikuwa kukata vyuma vyote na kuanza upya, na kumwambia Mama Zuhura kwa nini. Nilisimama na ule mlango mkononi. Nikawaza jina langu linavyosomwa mara ya pili. Kisha nikachukua bisibisi, nikalegeza kile kipande cha nguzo kinachopokea kitasa, nikakishusha, nikakaza. Mlango ukafunga vizuri. Na wa pili nikaufanya vivyo hivyo.

Bwana Mnunuzi alilijaribu gari akarudi anacheka. "Limekuwa jiwe!" alisema, na kweli lilikuwa limekaza. Shemeji Mfaume alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Baada ya hapo sikupata raha. Kila niliposikia mlio wa ile tabo barabarani niliacha ninachofanya nikaangalia mlangoni. Nilijua vyuma vile vinavutwa muda wote, gari likienda na gari likilala, na nilijua mteremko wa kushuka kutoka Newala kwenda Masasi, kona zake na korongo lake. Nikiwa Masasi nilikuwa nimevuta magari kutoka kwenye korongo lile. Nilijiambia nitalikagua likija kubadilisha oili. Lilikuja, Bwana Mnunuzi akiwa na haraka, nikajiambia siku nyingine.

Siku ya tisa dada yangu alikuja gereji mchana, amebeba bakuli la ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha huku kwetu, na anajua naipenda.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba, Mama Hadija. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimekuja kukushukuru." Akaweka bakuli juu ya meza ya vyuma. "Lile gari nililichukia. Mfaume akitoka nilikuwa silali, nafikiria ule mteremko. Tangu ulipolitengeneza wewe nalala. Leo wamepitia Chilangala, kisha wanashuka nalo Masasi na wageni, na mimi hata sikumbuki kuogopa."

Sikuweza kugusa hata mng'oko mmoja. Nilisubiri aondoke, nikaenda kwa Mama Zuhura. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha ukili mlangoni.

"Mama, nimeharibu gari la Bwana Mnunuzi."

Nilimweleza yote, magogo, chaneli, mpaka bisibisi. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Liko wapi sasa hivi?"

"Chilangala. Wakitoka huko wanashuka Masasi."

"Na wewe umesimama hapa unaniangalia mimi?"

Nilichukua msumeno wa chuma na nyundo, nikapanda baiskeli. Barabara ya Chilangala ni mchanga. Pale pa kupanda nilipanda, pale pa kusukuma nilisukuma nikikimbia, na njia nzima niliongea na Mungu kama mtu anayebembeleza askari. Nikawa nasikia tabo kila mahali, hata kwenye upepo wa mikorosho.

Nililikuta gari kwenye kituo cha kununulia, chini ya kivuli cha ghala. Wakulima wamekaa juu ya magunia yao, Bwana Mnunuzi anaagana nao, wageni wawili wameshaketi kiti cha nyuma, na Mfaume mkono wake uko kwenye ufunguo.

"Zima!" nilipiga kelele. "Shemeji, zima gari! Tokeni wote!"

Sikumsalimia mtu. Nilijilaza mchangani nikaingia chini. Ncha ya mbele, upande wa kushoto, bati lilikuwa limechanika kuzunguka kiraka changu, ufa mrefu kama kidole cha shahada, na ncha zake zinang'aa. Ufa unaong'aa ni ufa unaotembea.

Bwana Mnunuzi aliinama. "Fundi, umelewa uraka? Nina safari."

"Ukishuka Masasi na gari hili, bosi, kiunganishi kitang'oka na sakafu. Niache nikikate."

"Si ulilitengeneza wewe?"

"Nililiharibu mimi."

Mfaume alikuwa ameshatoka. Alijilaza chini upande wa pili, akaangalia ufa, kisha akaniangalia mimi, nyuso zetu zikiwa karibu chini ya lile gari. Nilianza kukata. Kukata chaneli ya lori kwa msumeno wa mkono, umelala chali, ni kazi ya kumaliza mabega, na wakulima walikuwa wamezunguka wanaonyeshana miguu yangu. Ulipobaki ukingo mwembamba, chuma kilikatika chenyewe kwa mlio kama wa bunduki. Mtu mmoja alikimbia. Pale nilipokata, ncha mbili ziliachana mpaka pakapita kidole. Nguvu yote ile ilikuwa imekaa humo siku tisa, chini ya kiti cha shemeji yangu.

Nilikata na cha pili. Nilipotoka, Mfaume alikuwa anajaribu kufunga mlango wake. Ulikuwa haufungi. Bodi ilikuwa imerudi ilivyokuwa, na kipokea kitasa kilikuwa bado pale nilipokishusha mimi. Alikipitishia kidole, akaona alama za bisibisi.

"Hiki nani alikisogeza?"

"Mimi."

"Lini?"

"Siku ileile. Kabla hujalichukua."

Alielewa. Nilimwona akielewa. Yule mpole hakunitukana wala kuninyanyulia mkono. Aliomba kamba ya kufungia magunia, akafunga milango yote miwili. Wageni wakabaki na Bwana Mnunuzi kutafuta pikapu. Kisha Mfaume akaniambia nipite dirishani, nikae mbele pamoja naye. Tulirudi Newala taratibu, baiskeli yangu ikiwa imebaki Chilangala, na njiani hakusema neno hata moja. Afadhali angenipiga.

Mama Zuhura hakunifukuza. Aliniita mbele ya Bwana Mnunuzi akasema, "Mficha uchi hazai. Huyu amejifunua, ingawa kachelewa. Gari litatengenezwa upya hapa hapa, na kuanzia leo, Baba Somoe, kila mteja mwenye gari lisilo na chesisi, kabla hujaligusa, utamsimulia ulichofanya kwenye gari hili. Akikubali baada ya kusikia, shika spana. Akikataa, mpishe."

Safari ya pili nilifanya inavyotakiwa. Gari lilipandishwa juu ya mbao nene, likiwa limesimama kwa magurudumu yake yenyewe, na kwenye viti tuliweka magunia ya mchanga kwa uzito wa watu wanne. Nilijaribu milango kabla, katikati na baada. Nilitumia bomba la mraba la kiasi, viraka vipana, na nilichomelea vipande vifupi kwa kupokezana kulia na kushoto, nikiacha chuma kipoe, maana moto nao huvuta bati. Maji ya kupozea bati niliyabeba mwenyewe kutoka kisimani, na wa Newala wanajua maji huko yanavyopatikana kwa shida. Gari lile lilitembea mpaka Bwana Mnunuzi alipoliuza.

Nami niliwasimulia wateja, mmoja baada ya mwingine, mpaka nilipostaafu. Wako waliogeuza gari wakaenda zao. Wengi walibaki. Sijawahi kuizoea hadithi hiyo; kila nilipoianza tumbo liliniuma kama siku ya kwanza ya ajira.

Sasa nimestaafu, macho hayaruhusu tena mwanga wa kuchomelea. Vijana wa ufundi hunitembelea, huniuliza unene wa bomba, huniuliza bolti au kuchomelea, nami huwajibu. Kama dada yangu aliwahi kusikia kwa wateja, hajanionyesha; sisi hatukumwambia. Mfaume aliamua hivyo, na mpaka anafariki, kwa maradhi yake na juu ya kitanda chake, hakunivunjia heshima mbele ya mkewe. Dada bado huniletea ming'oko msimu ukifika, na bado hushukuru kwamba mumewe alizeeka.

Watu husema nilifanya uungwana siku ile kuendesha baiskeli hadi Chilangala. Mimi nanyamaza. Siku tisa nzima nilijua hali ya gari lile, na ndani yake walipanda watu wengi nisiowajua majina, lakini sikuiwasha mashine wala kushika msumeno. Nilikwenda siku dada yangu alipokuja na bakuli. Dereva angekuwa mtoto wa watu wengine, sijui kama ningekwenda.